Chumba Kimoja Kwanza

Miaka ile ya vita, ukipita Mususa, mtaa wa mji wa Butembo, asubuhi, ungemsikia Nzanzu kabla ya kumwona. Ko, ko, ko! Alikuwa anagonga truweli yake juu ya jiwe. Truweli ni ule mwiko wa chuma wa masoni, fundi wa kujenga kuta. Nzanzu hakuwa na desturi ya kuiosha jioni. Kwa hiyo kila asubuhi aliigonga ili udongo mkavu wa jana uanguke. Majirani walikuwa wamezoea. Wakisikia ko-ko-ko, waliamka.

Ah, asubuhi za Butembo za wakati ule! Baridi ilikuwa baridi kweli. Ukungu ulijaa njia mpaka mtu alimsalimia mbuzi akidhani ni jirani. Kavuo, mke wa Nzanzu, alikuwa tayari amechemsha viazi vya Lubero. Aliviweka mezani vikitoa moshi.

"Kula, Baba Joyeuse," alimwambia. Joyeuse alikuwa binti yao wa kwanza. "Ukuta hapana kimbia."

"Ukuta hapana kimbia, mais Kasonia anakimbia," Nzanzu alijibu kwa "lakini" ya Kifaransa, huku kiazi kikimchoma ulimi.

Kasonia alikuwa masoni mwenzake. Walijenga pamoja, na walijenga kwa mashindano. Kikosi chao kiligawanyika sehemu mbili. Nzanzu aliongoza upande wa kushoto, Kasonia upande wa kuume. Walianza siku moja, kwa wimbo mmoja. Upande uliofika juu kwanza ulikuwa umeshinda. Wale walioshindwa waliwanunulia wenzao kasikisi, pombe ya ndizi, siku ya Mungu baada ya misa. Watu walikuja kutazama. Wamama walipiga vigelegele. Ilikuwa raha, msiulize!

Kwa sababu ya mashindano yale, kuta zote za nyumba zilipanda pamoja. Vyumba vyote vilifika juu siku moja, vikiwa wazi, bila paa. Manjanja, yaani mabati ya kufunika nyumba, yangetafutwa baadaye. Wakati wa amani hiyo haikuwa shida. Manjanja yalitoka Kasindi, mpakani, kwa lori, mvua ilisubiri kidogo, na nyumba ikafunikwa.

Lakini vita ilipofika, desturi ile nzuri ikageuka hatari. Nzanzu hakuona.

Mwaka ule kikosi chake kilikwenda kujenga shule kule Mavivi, upande wa kaskazini wa mji wa Beni, karibu na uwanja wa ndege. Wazazi walitaka vyumba vitatu. Watu wa kilimani walichoma matofali mekundu. Watu wa mtoni walichoma matofali ya rangi ya mchanga. Watu wa karibu na uwanja wa ndege walichoma matofali meusi-meusi. Kila mtaa ulichoma matofali ya chumba chake. Nzanzu na Kasonia wakaanza mashindano, na kuta zote zikafika juu ya madirisha. Manjanja yalikuwa bado Kasindi.

Siku moja saa ya chakula, risasi zililia upande wa uwanja wa ndege. Kila mtu alikimbia kivyake. Ndoo zilibaki juu ya ngazi. Udongo uliochanganywa ulibaki chini. Masoni walitembea kwa miguu mpaka wakapata lori la kuwarudisha Butembo. Mmoja alipotea porini, na mke wake alilia mpaka alipotokea. Halafu njia ikafungwa. Na mvua ikanyesha.

Nzanzu aliporudi Mavivi, hakuamini macho yake. Kuta za vyumba viwili zilikuwa zimelala chini. Za chumba cha tatu ziliinama. Mvua ilikuwa imeosha udongo kati ya matofali. Mbao na ndoo zilikuwa zimeibwa.

Zorobabel, mkubwa wa wazazi, alimpokea. Alikuwa mkulima mrefu, mtu wa maneno machache. Hakumtukana. Alimwonyesha tu miti ya kalitusi. Chini yake watoto walikaa juu ya mawe. Mvua ndogo ilikuwa inawanyeshea, na kila mmoja alishika jani la mgomba juu ya kichwa.

"Batoto bako bale," Zorobabel alisema. "Tutachoma matofali mara ingine. Mais ni mara ya mwisho, Nzanzu. Bazazi bamechoka. Ikianguka tena, tutapeleka batoto ku shamba. Masomo itakwisha hapa."

Neno lile lilimwingia Nzanzu ndani ya mifupa. Alirudi nyumbani Mususa. Asubuhi iliyofuata, majirani hawakusikia ko-ko-ko.

Kavuo alivumilia kidogo. Halafu akatoka, akaenda kumwita Kabongo.

Kabongo alikuwa jirani yao. Alizaliwa Kasai, mbali sana. Alikuwa ingenieri, yaani mhandisi, na serikali ilimtuma Butembo kuangalia kazi ya barabara na madaraja. Vita ikamkatia njia ya kurudi kwao. Mshahara ulikuwa haufiki tena. Kavuo akamwazima kipande cha shamba, naye akalima maharagwe. Watu wa Mususa walimcheka sana, kwa sababu alipanda maharagwe kwa kamba. Alivuta kamba toka upande huu mpaka ule, akapanda mistari iliyonyooka kabisa.

"Papa Kabongo, maharagwe yako itafanya defilé kama askari?" wamama walimuuliza, na yeye alicheka pamoja nao.

Siku ile alipoitwa, Kabongo alimkuta Nzanzu ameketi jikoni, mikono mitupu. Kavuo aliendelea kuchambua maharagwe ndani ya ungo.

"Mon cher, rafiki yangu," Kabongo alisema, "nani aliangusha shule ya Mavivi?"

"Vita," Nzanzu alijibu.

"Vita ilikuja na nyundo?"

"Hapana. Balikimbiza sisi tu."

"Donc, basi nani aliangusha?"

"Mvua."

"Ah! Na wewe mutu wa hapa, hukujua kwamba mvua inanyeshaka?"

Nzanzu alisimama kwa hasira. "Papa Kabongo, ulikuja kunicheka ndani ya nyumba yangu?"

"Kaa chini, Baba Joyeuse," Kavuo alisema. "Mimi njo nilimuita. Kasirikia mimi."

Nzanzu akaketi. Kabongo akavuta kiti karibu.

"Sikucheki," alisema kwa upole. "Mimi pia niliwahi kupoteza daraja. Mto ulilibeba lote, kwa sababu nilianza pande zote na sikumaliza hata moja. Nilitaka kulia mbele ya watu. Sikiliza. Hatuwezi kuzuia vita. Hatuwezi kuzuia mvua. Lakini kabla ya kuanza kazi tunaweza kujiuliza: nini kinaweza kutusimamisha? Sema wewe."

Nzanzu alifikiri. "Risasi. Mvua. Simenti kukosa. Lori kushindwa kupita. Mutu kuanguka ku ngazi."

"Bon. Kwa kila moja, tupatane leo tutafanya nini, na nani atafanya. Siku ya hatari, kichwa kinakuwa moto, hakuna atakayefikiri vizuri. Kwa hiyo fikirini sasa, wakati tumbo limetulia."

"Na ukuta?"

"Ukuta uwe na sheria moja. Kila jioni acha kazi kama mtu ambaye labda kesho hatarudi. Kama hukurudi, kazi isiharibike. Kwa hiyo usijenge vyumba vitatu pamoja. Jenga kimoja, kifunike, kimalizike. Halafu cha pili. Vita ikija katikati, utapoteza kidogo, hutapoteza vyote. Na usiweke tofali la kwanza kabla manjanja hayajafika Mavivi."

Kavuo aliinua kichwa toka ungo wake. "Kumbe ni kama shamba. Mimi hapana panda maharagwe yote siku moja. Napanda kipande, nangoja, napanda ingine. Mvua ikiharibu ya mbele, ya nyuma inabakia."

"Voilà!" Kabongo alipiga makofi. "Mama Kavuo alikuwa ingenieri mbele yangu."

"Sasa na wewe acha kamba," Kavuo alisema, na wote watatu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Nzanzu kucheka tangu Mavivi.

Alikula siku ile. Lakini kicheko kile hakikudumu, maana Kasonia alipopata habari alikuja mbio.

"Chumba kimoja kimoja? Na mashindano?" aliuliza. "Nzanzu, bila mashindano hii ni kazi ya kuchimba kaburi! Tutaimba nini?"

Nzanzu mwenyewe aliyapenda mashindano kuliko chakula.

Kule Mavivi, Nzanzu aliporudi na kikosi chake, shida ilikuwa kubwa zaidi. Wazazi walikutana nje ya kanisa. Waliposikia kwamba chumba kimoja kitajengwa kwanza, kelele zikazuka.

"Chumba cha nani?" mama mmoja wa mtoni aliuliza. "Cha kilimani? Sisi tumebeba matofali ku kichwa ili batoto ba bengine baingie?"

"Na sisi je?" mzee wa uwanja wa ndege alisema. "Risasi inatuanzaka sisi. Chumba yetu ije mbele."

Zorobabel alimtazama Nzanzu. Macho yake yalisema: unaona? Nzanzu aliyatazama marundo matatu ya matofali yaliyochomwa upya, mekundu, ya mchanga na meusi-meusi. Alikuwa masoni. Mikono yake ilijua jibu kabla ya kichwa. Aliokota tofali jekundu, akaliweka chini. Juu yake akaweka la mchanga. Juu yake akaweka jeusi.

"Chumba ya kwanza itakuwa ya bote," alisema. "Msitari moja ya kilimani, msitari moja ya mtoni, msitari moja ya uwanja wa ndege. Hivi mpaka juu. Mutu akisema ni yake, aondoe matofali yake kama anaweza."

Yule mama wa mtoni akacheka. "Itakuwa na mistari kama kitenge!"

"Wasingya," Zorobabel alisema, yaani asante kwa Kinande. Alilisema mara moja tu, lakini kwa sauti.

Basi wakaanza upya. Hawakugusa tofali hata moja mpaka manjanja yalipofika. Hawakuyaweka yote mahali pamoja. Nusu ilikaa nyumbani kwa Zorobabel, nusu katika stoo ya kanisa. Akiibiwa mmoja, mwingine anabaki na yake.

Nzanzu akatundika rimu ya gari, chuma cha gurudumu, kwenye mti wa kalitusi. Rimu ikipigwa, wote wanaacha kazi. Walio juu ya ngazi wanashuka kwanza. Kasonia na watu wake wanafunika ukuta kwa nyasi na majani ya mgomba, kama bado hakuna hatari ya karibu. Wengine wanakusanya truweli na ndoo. Kisha wote wanakutana nyuma ya kanisa, na Nzanzu anaita majina.

"Na kama risasi iko karibu?" Kasonia aliuliza.

"Acha yote, kimbia ku kanisa. Truweli tunanunua. Mutu hatununui."

Halafu wakajaribu. Siku ya amani kabisa, Nzanzu alipiga rimu. Aibu gani ile! Wawili waligongana vichwa. Mmoja aliingia ndani ya shimo la udongo mpaka magoti. Kasonia alikimbia huku kamba ya ndoo imefungwa kiunoni, na ndoo ikamfuata ikilia njia yote. Watoto waliacha masomo wakacheka mpaka wakashika matumbo. Wakarudia tena, na tena, mpaka hakuna aliyegongana na mwenzake.

Na mashindano? Nzanzu hakuyaua. Aliyageuza. "Sasa tushindane jioni," alisema. "Upande ambao utafunika ukuta yake muzuri na kuosha vyombo mbele, njo utakunywa kasikisi."

Kasonia alikunja uso. Lakini jioni ya kwanza alishindwa, na kushindwa kulimuuma. Kesho yake alifunika ukuta wake vizuri kama mama anayefunika mtoto mwenye homa. Wimbo ukarudi. Nzanzu naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kuosha truweli kila jioni.

Chumba cha kwanza kikapanda na mistari yake mitatu. Kikafunikwa manjanja. Kikawekwa mlango. Ndipo wakaanza cha pili. Mwisho wa ukuta wa kwanza Nzanzu alikuwa ameacha matofali yametokeza nje, moja ndani, moja nje, kama meno. Ukuta wa pili ulikuja kushikwa na meno yale. Masoni wanajua: bila meno, kuta mbili hazishikani.

Jua likawaka siku nyingi. Njia ilikuwa wazi. Kasonia akaanza tena.

"Nzanzu, tazama mbingu. Hakuna wingu. Watu wametulia. Tuinue cha pili na cha tatu pamoja, tumalize, turudi kwa bibi zetu."

Nzanzu alitazama mbingu. Kweli, ilikuwa safi. Alifikiria Kavuo na viazi vyake vya asubuhi. Mikono ilimwasha. Aliinua mguu aende kupima msingi wa chumba cha tatu. Halafu akaona, chini ya miti, watoto waliokosa nafasi katika chumba cha kwanza. Hawakushika tena majani ya mgomba, maana mvua haikuwepo, lakini mawe yalikuwa yale yale.

"Hapana," alisema. "Tumalize hii. Leta nyasi, tufunike."

"Kwa jua hii?"

"Kwa jua hii."

Kasonia alinung'unika, lakini alifunika. Walikuwa bado wanaosha vyombo wakati risasi zilipolia mbali, upande wa uwanja wa ndege.

Nzanzu alipiga rimu. Hakuna aliyegongana. Hakuna aliyeanguka. Nyuma ya kanisa aliita majina, na kila jina liliitikiwa. Aliposikia jina la mwisho likiitikiwa, machozi yalimtoka, na hakuyaficha. Wakaondoka pamoja, wakiongozwa na Zorobabel kwa njia ya mashamba.

Njia ikafungwa tena. Mvua ikaja, mvua ya kweli. Kule Mususa, kila iliponyesha, Nzanzu alisimama mlangoni akitazama maji yakishuka. Kavuo hakumwambia aingie ndani. Alikuja kusimama naye. Kabongo pia alikuja mara kwa mara, akiwa na maharagwe mabichi mkononi, na wote watatu walikaa wakiyamenya. Ukimuuliza Nzanzu leo, atakuambia kwamba siku zile zilikuwa za huzuni, lakini anazitamani. Jirani alikuwa jirani.

Njia ilipofunguliwa, alipanda lori la kwanza. Alishuka Mavivi. Migomba ilificha shule. Hakuona kitu. Lakini alisikia.

"Ba, be, bi, bo, bu!"

Zilikuwa sauti za watoto, nyingi, zikisoma kwa pamoja. Nzanzu alikimbia. Chumba cha kwanza kilisimama na mistari yake, kikavu, kimejaa watoto mpaka mlangoni. Wengine walikaa dirishani. Nje, ukuta wa chumba cha pili ulikuwa bado umevaa nyasi zake. Mistari ya juu tu ilikuwa imelegea. Kuirekebisha ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Zorobabel alitoka ndani. "Siku za risasi familia zililala humu," alisema. "Za kilimani, za mtoni, zote. Asubuhi tulifagia, batoto bakaingia kusoma."

Alimshika Nzanzu mkono, akaushika muda mrefu.

Chumba cha pili kikamalizika. Cha tatu pia. Wazazi walipotaka kujenga nyumba ya mwalimu, hawakumtafuta masoni mwingine.

Siku ilifika ndege za kwenda mbali zikaanza kuruka tena. Kabongo akapata nafasi ya kurudi Kasai. Ndege yake iliondokea Mavivi. Kwa hiyo Nzanzu na Kavuo walimsindikiza, na kabla ya uwanja wa ndege walimpitisha shuleni. Kabongo alipitisha kiganja juu ya mistari, tofali jekundu, la mchanga, jeusi. Alifika kwenye meno, mahali ukuta wa kwanza unashika wa pili.

"Mimi nilikuambia tu jenga kimoja," alisema. "Kuchanganya huku sikukufundisha."

Kisha akatoa mfukoni ile kamba yake ya maharagwe, akampa Kavuo. "Mama, sasa wewe panda kwa mistari."

"Maharagwe yangu hapana enda defilé," Kavuo alijibu. Lakini aliifunga kamba ile kiunoni. Hawakumwona Kabongo tena.

Miaka imepita. Nzanzu ni mzee sasa. Rimu ile ile inaita watoto darasani. Juzi wazazi walipaka shule yote simenti na rangi nyeupe, nayo inapendeza. Lakini kabla ya kuanza walimwalika Nzanzu, kwa heshima, naye aliwaomba jambo moja: ukuta wa mbele wa chumba cha kwanza usipakwe, mistari yake ionekane. Wakakubali. Alikaa nao siku nzima ya kazi, akawasaidia kidogo, kadiri mgongo ulivyomruhusu.

Jioni vijana wa kazi waliacha vyombo chini wakaenda kuoga. Nzanzu alibaki. Aliosha truweli yake mpaka ikang'aa. Akafunika simenti iliyobaki. Akaegemeza ngazi mahali pazuri.

"Baba Joyeuse," Kavuo alimwita toka njiani, "twende! Vita iliisha zamani."

"Na mvua, iliisha?" Nzanzu aliuliza.

Akavuta nyasi kidogo, akafunika pembe ya ukuta iliyokuwa mbichi, kisha akamfuata mke wake.